Punje ya Shaba

Usiku ule Gimli ilishuka nyuzi thelathini chini ya sifuri,
ziwa limeganda kiasi cha kubeba lori,
na sebuleni mwetu, ndani ya kioo cha lita mia nne,
bahari ilikuwa inapikwa.

Hatukusikia kitu. Pampu ilinguruma kama kawaida yake,
taa ya buluu ilizimika kwa saa yake.
Hita ilipaswa kujizima, haikujizima.
Ndiyo hivyo tu. Hakuna mwizi, hakuna radi.

Ketill aliamka kutafuta dawa ya mgongo.
Akaniita jina langu zima, Halldóra,
jambo analolifanya kwenye misiba tu.

Kipimajoto: thelathini na nne nukta sita.
Kamba wetu mdogo, aliyezoea kumpanda mkono
na kumchokoa uchafu wa kucha,
alikuwa mwekundu, amejikunja,
vilevile kabisa kama wale wa sahani.
Hilo ndilo lililonitoa machozi, si kifo chenyewe:
kwamba alifanana na chakula.

Kangaja wa manjano, miaka saba,
amelala ubavu mchangani, rangi bado mbichi.
Matumbawe yaliyotandaza vidole vyake kila jioni
yalikuwa yanabanduka kutoka kwenye mifupa yake
kama utando wa maziwa ya moto.

Ketill: miaka arobaini fundi umeme wa mji huu,
hakuna tanuri la kupashia nyumba asilolifungua.
Mganga hajigangi, nilitaka kusema. Nikayameza.
Alikuwa magotini na nguo za kulalia,
akitumbukiza mifuko ya barafu mmoja mmoja,
taratibu, alisema, taratibu,
baridi ya ghafla nayo inaua,
na dirisha wazi, theluji ikiingia hadi kwenye zulia.

Saa kumi na moja alfajiri akafika Ingimar, jirani,
anaburuta kwa kigari cha theluji cha mjukuu wake
mapipa mawili ya maji ya chumvi aliyoyakoroga mwenyewe.
Hakusema pole. Alisema, "Ndoo ziko wapi?"
Sijapata kusikia pole nzito kuliko hiyo.

Ardhi ya Januari haichimbiki.
Kwa hiyo kangaja yumo kwenye friza,
kati ya mfuko wa njegere
na samaki wa ziwa aliowavua mkwe wetu kwenye tundu la barafu.
Amefungwa kitambaa, juu yake mwandiko wa Ketill:
HUYU SI WA KULA.
Mkwe alicheka alipousoma. Kisha akauona uso wa mzee,
akalifunga friza polepole, kama mlango wa mgonjwa.

Ile hita alikaa nayo jikoni siku mbili.
Akaipasua kwa msumeno mwembamba:
vijino viwili vya shaba vimeyeyuka, vimeshikana,
punje ndogo kuliko ya mchele.
Kaiweka kwenye kiberiti kitupu, kiberiti mfukoni.
Nikifua suruali zake nakitoa. Nikianika, nakirudisha.

Wamebaki konokono tisa
na mmoja wa wale wawili wa rangi ya chungwa.
Ua la bahari alilolalia halipo.
Sasa usiku hujibana kwenye mdomo wa pampu,
anatikisika nayo, anaizoea plastiki
kama mjane anavyouzoea upande mmoja wa kitanda.

Hatujanunua kitu. Watu huuliza.
Ketill amefunga hita mbili ndogo badala ya moja kubwa,
na kidhibiti cha kuzikata zote zikikaidi,
na kengele inayolia hadi chumbani.

Lakini saa nane za usiku nasikia nyayo zake koridoni,
kisha hazisikiki. Najua anachofanya gizani:
ameweka mgongo wa kiganja kwenye kioo,
kama unavyompima mtoto homa,
na hauondoi haraka.